Mwalimu Anyamaze

Chuo cha Ualimu, Nyeri
23 Januari 1966

Baba mpendwa,

Nimefika salama na sanduku lako la jeshi limefika salama pia, ila kufuli limekwama na blanketi limo ndani. Tangu nije nalala na koti.

Uliniambia tuandikiane kwa Kiswahili kwa sababu ndilo somo linaloniangusha, na kwamba barua yenye makosa utaisahihisha kwa wino mwekundu. Basi anza kutafuta wino.

Baba, naogopa. Nilidhani nitaogopa masomo, kumbe ninachoogopa ni kusimama. Jana mkufunzi wetu, Bwana Ndwiga, mtu wa Embu, mrefu na mwenye sauti ya chini, alituita mbele mmoja mmoja tuseme majina yetu na kwetu. Nilifika mbele nikasema "Gakindu", kisha jina langu mwenyewe likanipotea. Darasa zima lilicheka. Jina la mama yako, baba, ulilonipa nilipozaliwa na ambalo kwa ajili yake umeniita "mama" maisha yangu yote, nikalisahau mbele za watu!

Kila mtu hapa ana hofu yake. Karambu, msichana wa Meru ninayekaa naye chumba kimoja, anaogopa kuulizwa swali asilolijua. Mwingine anaogopa kwamba viatu vyake vinalia anapotembea. Mimi naogopa kwamba watoto watanitazama. Macho yote yale, yakingoja niseme kitu.

Wewe uliwezaje? Umesimama mbele ya watoto tangu nikiwa mgongoni mwa mama, bila chuo wala cheti, na sijawahi kukuona ukitetemeka. Niambie ukweli, usinipake mafuta.

Msalimie mama. Mwambie uji wa hapa ni maji yaliyoonyeshwa unga.

Binti yako,
Wangechi


Gakindu
6 Februari 1966

Mama yangu Wangechi,

Nimeisoma barua yako na makosa yake nimeyaona, ni machache kuliko nilivyotarajia. Lile kufuli ligonge kwa kisigino cha kiatu upande wa kushoto. Nilisahau kukuambia.

Unataka ukweli. Siku yangu ya kwanza ya ualimu nilitapika nyuma ya choo cha shule. Nilikuwa nimetoka Burma, nimepigana vita vya Wazungu na kurudi mzima, halafu watoto wa darasa la kwanza wakanitapisha. Hakuna aliyekuwa amenifundisha la kufanya. Chuo ambacho ningeenda baadaye kilifungwa na wakoloni wakati wa hali ya hatari, kabla zamu yangu haijafika, na zamu haikurudi tena.

Basi nikajifuta mdomo, nikaingia, nikayakuta hayo macho unayoyasema. Ulikuwa msimu wa kahawa na watoto wote walikuwa wametoka kuchuma asubuhi. Nikaimba tu, bila kupanga: "Debe moja!" Kimya. Nikajiitikia mwenyewe: "Bado!" Nikaimba tena: "Debe mbili!" Safari hii wakaitikia wao: "Bado!" Tukaenda hivyo mpaka debe la kumi, nikawaambia hapo waitikie, "Twende nyumbani!" Walipiga kelele mpaka mwalimu mkuu wa siku hizo akaja kuona nani anapigwa.

Wewe mwenyewe ulijifunza kuhesabu kwa wimbo huo, na nusu ya watu wazima wa hapa Gakindu pia. Kwa hiyo usijisumbue na macho yao. Wape kitu cha kuitikia, watasahau kukutazama. Hayo ndiyo yote ninayoyajua.

Mama yako mzazi anasema ule hivyo hivyo.

Mwanao,
Kingori


Chuo cha Ualimu, Nyeri
19 Juni 1966

Baba mpendwa,

Wiki hii nimefundisha somo langu la kwanza, ila wanafunzi walikuwa wenzangu waliojifanya watoto wa darasa la kwanza. Ungemwona Karambu, na ule urefu wake, amekaa kwenye kiti kidogo ananyonya kidole na kuomba ruhusa ya kwenda chooni kila ninapoandika kitu ubaoni. Wavulana ndio usiseme, walipigana kabisa.

Nilifanya ulivyonishauri. Nilisimama nikaimba, "Debe moja!" Wote wakaangua kicheko, na Bwana Ndwiga akanisimamisha hapo hapo. Hakukasirika. Aliuliza kwa ile sauti yake ya chini, "Wangechi, hao watoto watajua kuimba, lakini watajua kuhesabu?" Kisha akatuandikia ubaoni kwa herufi kubwa: MWALIMU ANYAMAZE. Anasema zamani mwalimu alikuwa anapiga kelele na mtoto anaitikia kama ng'ombe zizini. Siku hizi unaweka vitu mezani, unauliza swali moja, unanyamaza, na mtoto anatafuta jibu kwa mikono yake.

Nilijaribu. Baba, kunyamaza ni kazi ngumu. Ulimi uliniwasha nikasema jibu mwenyewe kabla hata Karambu hajatoa kidole mdomoni. Sasa siogopi tena kutazamwa. Naogopa kwamba muda utaisha kabla ya somo, au somo litaisha kabla ya muda, na mkono wangu ukiandika ubaoni unapanda mlima.

Kuna jambo jingine. Tuliambiwa kwamba nchi inatuhitaji haraka, kwa sababu walimu wasio na cheti watakuwa wakiwapisha wenye cheti, pole pole, shule baada ya shule. Darasa zima lilipiga makofi. Mimi pia nilipiga, kisha nikakukumbuka nikaficha mikono chini ya meza. Wewe umeambiwa chochote?

Binti yako,
Wangechi


Gakindu
3 Julai 1966

Mama yangu,

Ng'ombe zizini! Mwambie huyo Bwana Ndwiga wako kwamba ng'ombe wangu mmoja sasa ni daktari wa mifugo na mwingine ni mwalimu mkuu wangu. Lakini usimwambie. Msikilize, uandike anayoyasema, upate hicho cheti.

Kuhusu hayo mengine, lala usingizi. Nilimwuliza Moffat, ambaye nilimfundisha kushika kalamu na leo ndiye mkubwa wangu. Alicheka akaniambia, "Mwalimu, wewe ni kama hiyo mlango ya shule. Nani ataing'oa?" Unaona? Nani afundishe darasa la pili hapa nisipolifundisha mimi?

Kahawa imeiva vizuri upande wa chini. Fanya mazoezi ya mkono wako kwa kuandika kwenye mstari wa kamba iliyovutwa, ndivyo nilivyofanya mimi.

Mwanao,
Kingori


Chuo cha Ualimu, Nyeri
16 Oktoba 1966

Baba!

Naweza! Mimi Wangechi, niliyesahau jina langu, naweza kufundisha!

Karibu na chuo kuna shule ya mazoezi, ambako sisi wanachuo hupelekwa kujaribu masomo yetu kwa watoto wa kweli. Nilipewa darasa la pili, hesabu. Usiku nilikuwa nimelia, sitakuficha. Nikaweka vizibo vya soda juu ya meza, nikauliza, "Nani atanionyesha saba?" Nikanyamaza. Baba, ile mikono! Iliinuka yote kwa pamoja. Wakaja mezani kwa mstari, mmoja akapanga tano na mbili, mwingine nne na tatu, mwingine akaja akasema ukiondoa kimoja vinabaki sita. Mimi nimesimama kando, mikono nyuma, sijasema neno. Nilipotaka kusahau hatua inayofuata, kasichana kamoja ka mbele kaitwako Kaari kakaninong'oneza, "Mwalimu, sasa ni wakati wa kadi za namba." Nilitaka kukabusu.

Bwana Ndwiga aliandika kwamba nina utulivu wa mwalimu aliyekomaa. Karambu amenakili maneno hayo na kuyabandika ukutani juu ya kitanda changu ili anicheke.

Sasa nayaelewa yale maneno ya ubaoni. Samahani baba, lakini naanza kufikiri kwamba sisi sote wa Gakindu tulihesabu kwa kinywa tu. Ningependa siku moja uone jinsi inavyofanyika.

Mama yako,
Wangechi

(Leo nimejipa ruhusa ya kutia sahihi hivyo.)


Gakindu
29 Januari 1967

Mama yangu Wangechi,

Tangu urudi chuoni nyumba imekuwa kimya. Hata mbuzi hawana wa kuwafokea.

Nina la kukuomba, na usinicheke. Moffat amepata habari kwamba mwezi wa Juni mkaguzi atakuja kututazama sisi tusio na cheti, kila mtu darasani kwake. Atakayempendeza atapelekwa kozi ya likizo na mwishowe yeye naye apewe cheti. Asiyempendeza sikuuliza, na Moffat hakusema. Ananitazama siku hizi kama mtu aliyemeza mfupa.

Sina wasiwasi. Lakini mkaguzi huyo ni kijana wa siku hizi, amesoma hayo hayo unayoyasoma, na nisingependa anikute nikiimba kama mlevi wa jioni. Niandikie namna somo linavyoendeshwa sasa, hatua kwa hatua, kama unavyomwandikia mtu mjinga. Wewe ni mama yangu na mama ndiye anayemfundisha mtoto kutembea, basi nishike mkono.

Ningependa kufia katika kile chumba cha darasa, Wangechi. Sijui kazi nyingine.

Mwanao,
Kingori


Chuo cha Ualimu, Nyeri
12 Februari 1967

Mwanangu Kingori,

Nimefurahi mpaka Karambu akaniuliza kama nimechumbiwa. Kaa kitako unisikilize.

Kwanza kusanya vizibo vya soda madukani, uvioshe. Somo ni moja tu: saba. Usiwaonyeshe watoto vizibo kabla ya siku yenyewe, ili hamu yao iwe mpya. Ukishawasalimu, mimina vizibo mezani na uulize, "Nani atanionyesha saba?" Kisha unyamaze. Hapa ndipo utakaposhindwa, nakujua. Utaona kimya kimezidi, utataka kuwasaidia. Usiwasaidie! Bwana Ndwiga anasema kimya cha mwalimu ndicho kinachomfanya mtoto afikiri. Ngoja. Mikono itainuka yenyewe, nimeiona kwa macho yangu.

Na wimbo, baba, uuache kabisa. Hata ukikuwasha kooni. Mkaguzi akiusikia atakuweka kwenye lile kundi la zamani, na wewe si wa zamani, wewe umechelewa kuambiwa tu.

Likizo ya Aprili tutafanya mazoezi hapo uani, mama awe mwanafunzi. Utafaulu. Nina hakika kuliko nilivyo na hakika na mtihani wangu mwenyewe.

Mama yako,
Wangechi


Chaka, Kieni
11 Juni 1967

Baba mpendwa,

Nipo Chaka kwa mazoezi ya mwisho ya kufundisha, yale yanayoamua kama nitapata cheti. Upepo wa huku unatoka mlimani moja kwa moja hadi kwenye mifupa. Hakuna kahawa, ni viazi na kondoo tu. Watoto wanatoka mashamba ya mbali, wanafika wamechoka, wanakaa.

Nina aibu kukuandikia haya. Siku ya kwanza niliweka vizibo mezani, nikauliza, nikanyamaza. Hakuna mkono hata mmoja ulioinuka. Siku ya pili vivyo hivyo. Wananitazama tu, yale macho niliyokuandikia zamani, na mimi nawatazama, mpaka kengele. Nilijiona nazama na hakuna wa kunivuta. Nilikwenda nyuma ya choo kama wewe, ila mimi nililia.

Ndipo nikaelewa, baba. Wale watoto wa shule ya mazoezi wamefundishwa na wanachuo tangu waanze shule. Wanalijua somo letu kuliko sisi. Kaari aliponiambia ni wakati wa kadi, nilimwona mtamu, kumbe alikuwa amelisikia somo hilo hilo kwa watu wengi kabla yangu. Sikuwafundisha kitu. Wao ndio walionibeba. Na sisi tulipofanya mazoezi pale uani mwezi wa Aprili, mama aliinua mkono haraka kwa sababu ni mama.

Alhamisi Bwana Ndwiga alikuja akakaa nyuma na daftari lake. Niliuliza swali langu. Kimya. Nikangoja mpaka nikasikia masikio yangu yanalia. Halafu mdomo wangu ukafunguka wenyewe: "Gunia moja!" Kwa sababu ni viazi, sikuweza kusema debe. Nikajiitikia, "Bado!" Kwenye gunia la tatu walikuwa wamesimama wote, na kwenye la kumi walipiga "Twende nyumbani!" mpaka vumbi likashuka kutoka darini.

Nimepita, kwa shida. Aliniambia nje, "Huo wimbo umewaamsha, siwezi kukataa. Lakini vizibo ulivisahau mezani." Na ni kweli. Baadaye nilimwita mtoto mmoja aniletee vizibo saba, akaniletea konzi nzima huku anaimba. Kwa hiyo sijui, baba. Nimepita na sijui kama kuna mtoto hata mmoja aliyejifunza saba. Hiyo ndiyo hofu yangu mpya, na ni mbaya kuliko zile za kwanza, maana haihusu mimi.

Nakuomba sana: yale niliyokuandikia usiyafuate. Anza na wimbo wako, watoto wachangamke, vizibo vije baadaye. Wimbo wako umeniokoa. Mkaguzi anakuja lini? Natumaini barua hii itamtangulia.

Binti yako,
Wangechi


Gakindu
2 Julai 1967

Mama yangu,

Hongera. Nilimsomea mama yako barua yote na alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Nilijua utapita.

Kwamba wimbo wangu umefika Kieni na kugeuka viazi, hilo limenifurahisha sana. Nimepasoma hapo mara nyingi.

Mkaguzi alishakuja, ile Jumanne kabla hujaniandikia. Ni kijana mwenye adabu. Alikunywa chai vikombe viwili na kusifu ndizi zetu. Matokeo yatakuja mwisho wa mwaka, usijisumbue nayo.

Kahawa imeshikwa na ugonjwa upande wa juu. Jifunike huko kwenye baridi.

Mwanao,
Kingori


Chuo cha Ualimu, Nyeri
26 Novemba 1967

Baba,

Juzi tulisomewa vituo vyetu. Karambu anarudi kwao Meru. Mimi nilipoitwa nilisikia Gakindu, nikaruka kwa furaha, nikamkumbatia mtu nisiyemjua. Darasa la pili, akasema msomaji, kuchukua nafasi ya Bwana S. Kingori.

Nilimwambia amekosea, kwamba huyo ni baba yangu na bado anafundisha. Alitazama karatasi yake tena akasema hajakosea.

Nimekwenda kwa kila mtu anayeweza kusikiliza. Bwana Ndwiga alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akasema hana uwezo. Ofisini wamesema nikikataa kituo cheti changu kitazuiwa, na kituo atapewa mwingine. Hakuna aliyenifokea. Wote wamenihurumia, baba, na hakuna kilichobadilika.

Mkaguzi aliona nini? Agosti nilikuwa nyumbani mwezi mzima, tukachuma kahawa mstari mmoja, na hukuniambia. Niambie sasa. Ulifanya nilivyokuandikia?

Wangechi


Gakindu
1 Desemba 1967

Mama yangu Wangechi,

Agosti nilitaka kukuambia. Kila asubuhi niliamka na maneno tayari, na kila asubuhi nikaishia kukuuliza habari za Karambu. Ulikuwa na mtihani mbele yako, na mimi nilijidanganya kwamba labda mkaguzi aliandika vizuri kuliko nilivyoona.

Ndiyo, nilifanya ulivyoniandikia. Niliosha vizibo mwenyewe. Mkaguzi akakaa nyuma na Moffat. Nikawasalimu watoto, nikavimimina mezani, nikauliza nani atanionyesha saba. Kisha nikanyamaza.

Watoto walinitazama mdomoni. Wewe unawajua, hao wameamka na sauti yangu kila siku. Walikuwa wanangoja debe la kwanza. Vizibo hakuna aliyethubutu kuvigusa, maana darasani kwangu anayegusa kitu mezani bila kuambiwa hupata rula ya vidole. Hilo ni langu, hukuniambia wewe. Nilisahau kwamba nimewafundisha hivyo.

Mkaguzi akasema kwa upole, "Mzee, endelea." Mimi nikaendelea kunyamaza. Mwishowe mkono mmoja uliinuka, wa Murugi, binti ya fundi cherehani. Nikamwonyesha asimame. Akauliza, "Mwalimu, wewe ni mgonjwa?" Nikatikisa kichwa. Akaanza kulia, na wa pembeni yake akalia, na safu nzima ya mbele ikafuata. Walidhani ninakufa.

Wimbo ulikuwa hapa kooni, Wangechi. Ningeutoa wangetulia mara moja. Lakini mama alikuwa amesema niuache kabisa, hata ukiniwasha, na nikajiambia yeye amesoma na mimi sikusoma. Nikashikilia mpaka kengele. Nje nilimsikia mkaguzi akimwambia Moffat, "Hii darasa haijui mwalimu wao." Moffat alitazama chini. Ule mlango wake hakuutaja.

Usilie. Ningeimba huenda angeandika mabaya vile vile. Hatutajua. Nimejiuliza mpaka nimechoka.

Usikatae kituo. Ukikataa ataletwa mgeni, na mimi sitarudi. Wahome, tuliyekuwa naye jeshini, ana ghala la viazi huko Chaka na anahitaji karani wa kuandika magunia. Naondoka kesho kutwa, kabla hujafika. Nisamehe kwa hilo. Ningeweza yote, ila kukupisha mlangoni siwezi.

Mwanao,
Kingori


Gakindu
28 Januari 1968

Baba mpendwa,

Mama hajambo. Kila jioni anapika chakula chako, kisha anakigawa.

Nimeanza. Watoto wako wamepanda darasa la tatu, na Moffat amenipa niendelee nao. Chaki zako nilizikuta kwenye kopo, zile fupi fupi ambazo huzitupi. Natumia hizo. Cheti changu kimo kwenye sanduku la jeshi na sijamwonyesha mtu.

Siku ya kwanza niliweka vizibo, hawakuvigusa. Niliwaambia wanaruhusiwa, wakavigusa kwa kidole kimoja na kurudi kukaa. Siku ya pili nikaimba. Baba, nilijua wimbo huo kabla sijajua kufunga viatu, na niliuimba vizuri. "Debe moja!" Hakuna aliyeitikia. Waligeuka wote wakatazama mlango. Walidhani wewe ndiye unayeingia.

Murugi akainua mkono akauliza, "Mwalimu Kingori amepona?"

Niligeukia ubao nikaandika tarehe, na tangu hapo ananiuliza kila asubuhi. Zamani niliogopa watoto watanitazama. Sasa ninasimama mbele yao na wanatazama mlango, na mimi nautazama pamoja nao. Nimefundishwa mengi kwa miaka miwili, na hakuna ninachoweza kufanya. Nimwambie nini?

Binti yako,
Wangechi


Chaka
11 Februari 1968

Mama yangu Wangechi,

Barua yako imenikuta ghalani. Kazi si mbaya. Naandika magunia yanayopanda lori na Wahome ananiheshimu, ingawa wapakizi wananiita "Karani" na wengine "Mzee wa kalamu". Mchana jua ni kali, jioni upepo ni ule ulioniambia.

Wiki iliyopita nilikuwa nimesimama kwenye mizani watoto wakapita wakitoka shule. Sikuwaangalia. Mara nikasikia, "Gunia moja!" na wengine, "Bado!" Kalamu ilinianguka. Ni watoto wako wale, Wangechi. Waliona magunia yakipandishwa wakasimama kuyahesabu, wakaimba kila gunia, na wala hawakukosea hata moja. Nilitazama vizuri. Wewe uliniandikia hukujua kama kuna aliyejifunza. Basi ujue.

Walipofika la tisa nilitaka kuitikia. Nilifungua mdomo kabisa. Mpakizi akanipigia kelele, "Karani, andika! Unaangalia nini?" na mtoto mmoja akanitazama, mzee wa ghala aliyeachama, akacheka na wenzake. Nikaandika tisa. Waliitikia "Twende nyumbani!" bila mimi, wakaenda.

Murugi akikuuliza tena kama nimepona, usigeukie ubao. Mwambie, bado. Kisha anza debe la pili hapo hapo, kabla hajalia.

Mwanao,
Kingori